Risasi Moja, Mahali Pake



Katika vijiji vingi vilivyo jirani na mapori ya wanyama, watu wanaijua sauti ya bunduki. Mwindaji mwenye leseni amekuja. Au askari wa wanyamapori wameitwa kwa sababu nyati wameingia katika mashamba ya mahindi. Bunduki inalia mara moja, watu wanasikiliza. Je, mnyama ameanguka? Au amejeruhiwa na kukimbilia kichakani?

Jibu la swali hilo ni jambo kubwa kwa kijiji. Mnyama aliyekufa ni nyama. Mnyama aliyejeruhiwa ni mateso kwake na hatari kwa watu. Nyati mwenye jeraha hujificha mahali penye majani marefu. Kesho yake mama anapita hapo kwenda kutafuta kuni. Mtoto anapita hapo akichunga mbuzi. Wao hawakupiga risasi yoyote, lakini wao ndio watakaokutana na nyati yule.

Somo hili linaeleza jinsi ya kumwua mnyama mkubwa upesi, bila kumtesa. Kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza ni risasi ipi inafaa. La pili ni mahali pa kumpiga mnyama. Somo linawafaa askari wa wanyamapori wa kijiji, wafuata nyayo, wachunaji, na wawindaji wenye leseni. Linamfaa pia mwanakijiji asiye na bunduki, ili ajue nini cha kudai kwa wale wanaokuja kuwinda katika ardhi ya kijiji chake.

SHERIA KWANZA

Katika Tanzania wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kazi ya kuwasimamia nje ya hifadhi za taifa inafanywa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA. Kuwinda bila leseni ni ujangili. Kuwinda kwa sumu, kwa mitego ya waya, au usiku kwa kummulika mnyama kwa taa ni kosa. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Kwa hiyo mtu wa mpakani asidhani kwamba sheria ni moja pande zote mbili.

Sheria inamtaka pia mwindaji aliyemjeruhi mnyama asimwache. Lazima amfuate na kummaliza. Akishindwa, na mnyama ni wa hatari, lazima atoe taarifa. Jeraha ni deni. Aliyelifanya ndiye mwenye kulilipa.

MNYAMA HUFA KWA SABABU GANI?

Watu wengine wanafikiri mnyama hufa kwa sababu ya kishindo cha bunduki. Sivyo. Mnyama hufa damu inapoacha kufika katika ubongo. Damu ndiyo inayobeba hewa safi kutoka mapafuni. Moyo ndio unaoisukuma. Moyo ukitobolewa, au mapafu yote mawili yakitobolewa, damu humwagika ndani ya kifua. Ubongo hukosa hewa. Mnyama hupoteza fahamu na kuanguka.

Hata hivyo, haanguki palepale kila mara. Mnyama aliyepigwa moyoni anaweza kukimbia meta 50, au 100, au zaidi. Damu iliyobaki katika ubongo inamtosha kwa mbio hizo fupi. Kwa hiyo, akikimbia, usiseme haraka kwamba umekosa.

Mnyama aliyepigwa tumboni ni tofauti. Tumboni kuna matumbo na majani. Hapo mnyama huweza kuishi saa nyingi, hata siku, akiteseka. Mara nyingi hupotea, na nyama yake huliwa na fisi. Hakuna aliyepata faida.

MBUZI NI KITABU

Huhitaji kwenda mbali kujifunza mahali moyo ulipo. Siku mnapochinja mbuzi, mlaze ubavu na umpasue taratibu. Angalia.

Utaona kwamba moyo uko chini sana, karibu na kidari, katikati ya miguu miwili ya mbele. Haupo katikati ya mwili kama watu wengi wanavyodhani. Mapafu yanauzunguka moyo, na yanapanda juu na kurudi nyuma kidogo. Nyuma ya mapafu kuna kiwambo chembamba cha nyama. Nyuma ya kiwambo kuna ini. Nyuma ya ini kuna tumbo.

Sasa angalia mgongo. Kutoka shingoni, uti wa mgongo hauendi juu moja kwa moja. Unashuka kidogo katikati ya mabega, kisha unapanda tena. Kwa nyumbu na nyati, juu ya mabega kuna nundu. Ndani ya nundu mna mifupa mirefu tu, hamna moyo wala mapafu. Risasi inayopita hapo inaweza kumwangusha mnyama kwa mshtuko. Baada ya muda mfupi anainuka na kukimbia. Wawindaji wengi wamepoteza mnyama kwa njia hiyo huku wameshaanza kupongezana.

Swala, nyumbu, pofu na nyati wamejengwa kama mbuzi. Tofauti ni ukubwa. Dume la swala pala lina uzito wa kilo 60 hivi. Dume la nyati linaweza kupita kilo 700. Mahali pa kufa kwa swala pala ni pa ukubwa wa sahani ndogo. Kwa nyati ni pa ukubwa wa sinia. Lakini mbele ya sinia hiyo kuna ngozi nene, misuli mikubwa, mfupa wa bega na mbavu pana. Hapo ndipo tunapoanza kuuliza habari ya risasi.

RISASI IMETENGENEZWAJE?

Risasi moja ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe. Nyuma ya ganda kuna fataki. Ndani ya ganda kuna baruti. Mbele kuna kichwa. Ukivuta kifyatulio, kijiti cha chuma hupiga fataki. Fataki huwasha baruti. Moto wa baruti husukuma kichwa kutoka katika mtutu. Ganda hubaki, kichwa huenda. Kwa hiyo kinachomwua mnyama ni kichwa peke yake.

Kuna aina mbili kubwa za vichwa.

Ya kwanza ni kichwa laini. Ndani yake mara nyingi kuna risasi, ile metali nzito na laini, na nje kimevikwa ngozi ya shaba. Nchani hakikuvikwa. Kikiingia mwilini ncha yake hupondeka na kufunguka kama uyoga. Kikifunguka vizuri huweza kufikia unene mara mbili ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo kinafanya tundu pana na mnyama hufa upesi.

Ya pili ni kichwa kigumu. Hiki hakifunguki. Kinapenya mbali sana na kuvunja mifupa minene, lakini tundu lake ni jembamba.

Kila kimoja kina kazi yake. Ukimpiga swala pala kwa kichwa kigumu, kinaweza kutokea upande wa pili na kuacha tundu dogo. Swala anakimbia mbali. Na ukimpiga nyati begani kwa kichwa laini chembamba kilichotengenezwa kwa ajili ya swala, kinasambaratika juu ya mfupa. Jeraha ni kubwa kwa nje, lakini moyo haujaguswa. Nyati huyo sasa ana hasira.

Kwa sababu hiyo wawindaji wengi wa nyati huweka risasi ya kwanza yenye kichwa laini kilicho imara, ambacho kinafunguka bila kupasuka. Risasi zinazofuata huwa za kichwa kigumu. Sababu ni hii. Risasi ya kwanza hupigwa mnyama akiwa ametulia, na mara nyingi yuko karibu na kundi. Kichwa laini hakitoki upande wa pili kirahisi na kumjeruhi mwenzake. Risasi ya pili hupigwa nyati akiwa anakimbia, pengine amekupa mgongo. Hapo kinatakiwa kichwa cha kupenya mwili mzima hadi kifuani.

Je, risasi za jeshi zinafaa kwa kuwinda? Hazifai. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi, na kukubaliana kutotumia vitani risasi zinazofunguka mwilini. Kwa hiyo risasi za jeshi zimevikwa ngozi ngumu hadi nchani. Hazikutengenezwa kwa ajili ya kumwua mnyama upesi. Tena, kuwa na silaha ya kivita au risasi zake bila ruhusa ni kosa kubwa.

UKUBWA WA BUNDUKI

Unene wa kichwa cha risasi hupimwa kwa sehemu za inchi au kwa milimeta. Mwindaji akisema .375, ana maana unene wa milimeta 9.5 hivi. Bunduki ya namna hiyo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1912, na mpaka leo inatumika sana Afrika. Kichwa chake cha kawaida kwa nyati kina uzito wa gramu 19 na zaidi kidogo. Kinatoka katika mtutu kwa mwendo wa meta 770 hivi kwa sekunde. Katika kuwinda nyati, wawindaji huhesabu .375 kuwa ndiyo ndogo kabisa inayofaa. Wengine hutumia .458, ambayo kichwa chake kina uzito wa gramu 32 hivi.

Kwa swala pala, kongoni au nyumbu, bunduki ya .30-06 inatosha ikiwa na kichwa laini kizuri. Bunduki ndogo ya .22 haifai kabisa kwa mnyama mkubwa. Gobori pia halifai. Gololi yake au vipande vya nondo huchoka upesi, haviendi mahali pamoja, na huacha vidonda vinavyooza. Wanyama wengi wanaoonekana wakichechemea karibu na vijiji wameharibiwa kwa magobori na mitego ya waya.

Lakini bunduki kubwa haiponyi shabaha mbaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mwindaji kutoka Uskoti, W.D.M. Bell, aliyewinda tembo huko Karamoja, Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimeta 7 yenye vichwa vigumu. Aliweza kwa sababu alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue hasa ubongo umekaa wapi. Leo hatumsifu mtu kwa kumaliza tembo, na bunduki ndogo kama ile haikubaliki kwa mnyama kama huyo. Lakini jambo moja kwake ni kweli hata sasa: alisoma mwili wa mnyama kwanza, akapiga baadaye.

MAHALI PA KULENGA

1. Mnyama akisimama ubavu.
Hii ndiyo nafasi bora kuliko zote. Tazama mguu wa mbele. Fuata mguu huo kutoka chini kwenda juu mpaka uingie mwilini. Gawa mwili mafungu matatu, kuanzia chini ya kifua hadi mgongoni. Lenga mwisho wa fungu la kwanza kutoka chini, sawa na mguu. Hapo juu ya moyo pana mishipa mikubwa, na mapafu yapo pande zote. Ukikosea kidogo kwenda juu, utapata mapafu. Usilenge nyuma ya mguu kwa mbali. Huko ni ini na tumbo.

2. Mnyama akigeuka upande, kichwa mbele na makalio kidogo kwako.
Usitazame bega lililo karibu nawe. Tazama mguu wa mbele wa upande wa pili. Risasi iingie kwenye mbavu za nyuma na kuelekea kwenye mguu huo. Njiani itapita mapafuni.

3. Mnyama akikuelekea.
Mahali ni pembamba. Ni katikati ya kifua, pale shingo inapoungana na mwili. Apige mtu mwenye uzoefu tu, akiwa karibu na mwenye risasi ya kupenya.

4. Mnyama akikupa mgongo.
Usipige. Ngoja ageuke.

5. Kichwa.
Usilenge kichwa kwa kutafuta sifa. Ubongo ni mdogo, na kichwa hakitulii. Ukikosa kidogo unavunja taya. Mnyama mwenye taya lililovunjika hawezi kula. Atakufa kwa njaa porini.

LINI USIPIGE?

Kujua kuacha ni sehemu ya shabaha. Usipige kama mnyama yuko ndani ya kundi na mwingine yuko nyuma yake. Usipige kama ana mtoto. Usipige kama hujui kilicho nyuma yake, kwa maana risasi iliyokosa huweza kwenda kilometa kadhaa, na huko kuna watu na mifugo. Usipige jua likiwa linazama, kwa sababu hutaweza kumfuata gizani. Usipige ukiwa unahema.

Kila mtu na apime uwezo wake kabla ya kwenda porini. Weka karatasi ya ukubwa wa sahani umbali wa meta 100. Piga risasi tatu, ukiegemeza bunduki juu ya magongo matatu yaliyofungwa pamoja. Kama zote tatu hazikuingia katika karatasi, sogea hadi meta 50 na ujaribu tena. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia ndio umbali wako. Porini usiuzidi. Kwa nyati, wengi wenye uzoefu husogea hadi chini ya meta 100.

BAADA YA KUPIGA

Weka risasi nyingine mara moja. Usisherehekee. Tazama mnyama amekwenda wapi, na uweke alama mahali alipokuwa amesimama. Sikiliza. Kisha nenda ukaisome damu.

Damu nyekundu yenye povu imetoka mapafuni. Mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi nyeusi na nzito huenda imetoka katika ini. Ngoja kabla ya kumfuata. Damu kidogo iliyochanganyika na majani mabichi, yenye harufu ya kinyesi, imetoka tumboni. Hapo kuna kazi kubwa. Ukimfuata haraka utamsukuma mbali. Mpe muda alale, kisha mfuate taratibu.

Kwa nyati, ngojeni angalau nusu saa. Mfuata nyayo atazame chini, na mwenye bunduki atazame mbele. Mtu mmoja hawezi kufanya kazi zote mbili. Nyati aliyejeruhiwa huweza kugeuka na kusimama kando ya njia yake mwenyewe, akingoja.

Mkimkuta amelala, mwendeeni kwa nyuma. Mpigeni risasi nyingine hata kama anaonekana amekufa. Kisha mguseni jicho kwa fimbo ndefu. Kama hapepesi, amekufa. Ndugu zetu Waislamu hutaka mnyama achinjwe kabla roho haijatoka, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini mtu asimkimbilie nyati na kisu mkononi. Mwenye bunduki ndiye anayesema lini ni salama.

Giza likiingia na hamjampata, rudini mkatoe habari. Mwenyekiti wa kijiji aambiwe, na askari wa wanyamapori waambiwe. Watu wazuiwe kupita njia ile mpaka mnyama apatikane. Mwindaji anayeficha habari kwa kuona aibu anawaweka wenziwe katika hatari.

NYAMA

Kichwa laini chenye metali ya risasi huacha chembe ndogo ndani ya nyama. Nyingine hazionekani kwa macho. Metali hiyo ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Kwa hiyo kateni na kutupa nyama yote iliyopondeka kuzunguka jeraha, pamoja na ile yenye damu iliyoganda. Ifukieni, msiwaache tai wakaila, maana nao hudhurika. Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu visivyo na metali hiyo. Anayeweza kuvipata avitumie.

MWISHO

Wazee wanasema, haraka haraka haina baraka. Porini baraka ni mnyama aliyeanguka kwa risasi moja, nyama iliyofika nyumbani nzima, na njia ya kuni iliyo salama kesho asubuhi. Mwindaji akikuambia amekwenda siku tatu bila kupiga kwa sababu hakupata nafasi nzuri, usimcheke. Huyo ndiye wa kukaribishwa tena kijijini.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Moyo wa mnyama uko sehemu gani ya mwili? Onyesha kwa kuchora mbuzi ubaoni.
2. Kichwa laini na kichwa kigumu vinatofautianaje? Kila kimoja kinafaa wapi?
3. Kwa nini si vizuri kulenga kichwa cha mnyama?
4. Damu yenye povu inatuambia nini? Damu yenye majani inatuambia nini?
5. Mnyama akijeruhiwa karibu na kijiji chenu, nani aambiwe kwanza? Njia zipi zifungwe? Pangeni pamoja.